Punda akiletwa nyumbani, afya ya familia ilindwe

MTU aliyeajiriwa Nairobi au Kisumu, na ambaye wazazi wake wanaishi mashambani Kakamega, huenda akaamua kwamba zawadi itakayowafaa zaidi ni punda wa kuwachotea maji.

Hilo ni wazo zuri. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji huwa na uzito wa kilo 20. Mama anayeubeba kichwani mara nne kwa siku, tena akipanda mlima kutoka chemchemi, huwa amebeba kilo 80. Shingo na mgongo wake ndivyo huumia, na akiwa mjamzito taabu huzidi. Punda mmoja mwenye afya anaweza kubeba mitungi miwili kwa safari moja, mmoja kila upande.

Hata hivyo, kabla mnyama huyo hajafunguliwa kamba bomani, kuna mambo ya afya ambayo familia nzima yafaa iyaelewe.

Ugonjwa wa pepopunda

La kwanza ni ugonjwa ambao jina lake lenyewe linamtaja mnyama huyu. Viini vya pepopunda huishi ndani ya matumbo ya punda, farasi na hata ng'ombe. Hutoka pamoja na kinyesi na kukaa udongoni kwa miaka mingi bila kufa. Mtu akikanyaga msumari au akijikata kwa jembe katika shamba lililotiwa samadi, viini huingia kupitia kidonda hicho, hata kikiwa kidogo.

Dalili huanza baada ya siku tatu hadi wiki tatu hivi. Taya hukaza, mgonjwa hushindwa kumeza, shingo na mgongo hukakamaa, kisha mwili mzima hushikwa na mishtuko yenye maumivu makali. Wengi hufa, hasa watoto wachanga ambao kitovu chao kimekatwa kwa wembe mchafu au kupakwa kinyesi cha mifugo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba ugonjwa huu una chanjo. Nchini Kenya watoto huanza kuchanjwa wakiwa na umri wa wiki sita, kisha wiki 10 na wiki 14, nao akina mama wajawazito hudungwa sindano wanapohudhuria kliniki. Wanaosahaulika ni wazee na wanaume, ambao ndio huzoa samadi kila siku. Mzee anayetarajia kupokea punda apelekwe kituo cha afya akachanjwe mapema, na kila anayeingia zizini avae viatu vya mpira.

Kichaa cha mbwa

Wengi hudhani kichaa cha mbwa ni cha mbwa pekee. Punda aliyeumwa na mbwa mgonjwa huweza kukipata. Punda huyo hubadilika tabia, hulia ovyo, hutokwa na mate mengi, hushindwa kumeza na huweza kuuma watu. Kosa ambalo wafugaji wengi hufanya ni kumtia mkono kinywani wakidhani amekwamwa na kitu. Usithubutu! Mtenge, kisha umwite daktari wa mifugo.

Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate ya mnyama huyo penye mchubuko, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu akimbizwe hospitalini siku hiyo hiyo ili apate chanjo. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Hivyo basi mbwa wa boma, wakiwemo wale wanaonunuliwa katika soko la Lubao, sharti wachanjwe kila mwaka.

Mateke na makao

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Mgeni ambaye bado ana hofu hupiga teke upesi, na teke la kichwa au la tumbo laweza kumuua mtoto. Watoto wafunzwe kutomkaribia kwa nyuma, na kumsemesha kabla ya kumgusa.

Kwa wiki mbili au tatu za kwanza, mgeni akae mbali na mifugo wengine huku akipewa dawa ya minyoo na kukaguliwa ngozi, meno na kwato. Baadaye apate mwenzake, kwani punda akiwa pekee hunyong'onyea.

Aidha, Kakamega ni eneo la mvua nyingi, ilhali manyoya ya punda hayazuii maji vyema kama ya farasi. Ajengewe banda lenye paa na sakafu kavu, la sivyo ataugua mapafu na kwato zitaoza. Zizi liwe mbali na jikoni na kisima, na kinyesi kizolewe kila siku ili nzi wasikitoe huko na kukileta kwenye chakula.

Mzigo wa mgongoni usizidi thuluthi moja ya uzito wake, na chini ya mzigo atandikwe kitambaa kinene ili asichubuke. Yeye pia hufa kwa pepopunda akiwa na vidonda.

Familia imlinde pia dhidi ya wezi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini, lakini ile ya 2019 ilipata takriban milioni 1.2. Katika kipindi hicho wengi walichinjwa kwa ajili ya ngozi zilizouzwa China. Mnamo Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji huo kwa miaka 15. Hata hivyo, alazwe pahali panapofungwa.

Wapo wanaoshikilia kwamba punda afe mzigo ufike. Wakumbuke kuwa akifa leo, kesho mtungi utarudi kichwani mwa mama.