Karasha Likinunuliwa, Maji Yasisahaulike



Wilaya ya Nyang'hwale, yenye makao makuu Kharumwa, ina wachimbaji wadogo wengi wa dhahabu. Wakipata fedha, vikundi hununua karasha ili kuacha kuponda mawe kwa nyundo. Kazi huenda haraka, lakini vumbi la silika huongezeka. Likiingia mapafuni huacha makovu yasiyopona na kuongeza hatari ya kifua kikuu. Kitambaa mdomoni hakizuii chembe zake ndogo. Kunyunyizia mawe maji hupunguza vumbi.

Kwa hiyo, kikundi kinapoomba msaada wa karasha, tunashauri bajeti hiyohiyo iwe na pipa la maji, mpira na barakoa za kuzuia vumbi. Mashine hununuliwa tena, mapafu hayanunuliwi.