Shaba, kuku wa jirani na shimo chini ya mpapai

Jumamosi moja asubuhi, kabla sijanywa chai, jirani yangu aligonga geti akiwa ameshika kuku kwa miguu. Kuku alikuwa amekufa. Jirani huyu ni mama mtu mzima anayeuza mayai, na kwa miaka minne tuliyokaa ukuta kwa ukuta hapa Goba hajawahi kunipandishia sauti. Hata siku hiyo hakupandisha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akamlaza kuku juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Mwanangu, huyu ni wa tatu."

Nyuma yangu Shaba alikuwa anatikisa mkia mpaka kiuno kinapinda. Unyoya mweupe ulikuwa umemganda puani.

Nililipa. Kuku wa kienyeji Dar es Salaam si bei ya utani, na wa tatu huuma kuliko wa kwanza. Nilipofunga geti nilimtazama yule mbwa, naye akanitazama kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Nikaokota ufagio. Ndipo nikajiuliza nitampiga kwa kosa gani, maana kuku alikamatwa labda saa moja iliyopita, na kitu pekee anachofanya mbwa huyu sasa hivi ni kunisalimia. Mbwa haunganishi kipigo cha sasa na tendo la saa iliyopita. Angejifunza kwamba mimi nikitoka na ufagio ni hatari, basi. Nikaurudisha ufagio, nikaenda kunywa chai iliyopoa.

Shaba ana miezi saba. Ni dume, mbwa wa kienyeji, rangi yake kama sufuria ya shaba iliyosuguliwa kwa majivu. Nilimchukua kwenye gereji akiwa na wiki sita, kwa sababu vibaka walishazoea kuruka ukuta wetu na kuanua nguo kabla yetu. Wiki sita ni mapema. Mtoto wa mbwa anatakiwa akae na mama na nduguze walau mpaka wiki ya nane, kwani huko ndiko anakojifunza kupima nguvu ya meno yake: akimng'ata ndugu kwa nguvu, ndugu analia na mchezo unakatika. Wa kwangu alikosa sehemu ya somo hilo, akalimalizia kwenye mikono ya wanangu.

Kosa la pili lilikuja na banda. Fundi aliyelijenga alileta na mnyororo, na juu yake ushauri wa bure: "Mbwa wa ulinzi asizoee watu. Mchana mfunge, usiku mfungulie, atakuwa mkali." Nikatii. Mtaa mzima tunafanya hivyo, na wengine huongeza pilipili kwenye chakula eti ukali upande kichwani. Pilipili humuunguza mbwa tumbo. Ukali anaokuwa nao ni wa mnyama mwenye maumivu.

Hili la kutozoea watu lilishawahi kupimwa. Mwaka 1961 watafiti watatu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika Bar Harbor, jimbo la Maine. Watoto wa mbwa walikuzwa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu bila kushikwa na mtu. Wakatolewa kwa makundi, wengine wakiwa na wiki mbili, wengine tatu, tano, saba, tisa, wakakaa na watu kwa muda mfupi kisha wakarudishwa. Wale walioachwa mpaka wiki ya kumi na nne bila kuguswa walibaki na woga wa mnyama wa porini, na kuwazoeza baadaye kulikuwa kazi ngumu mno. Kwa hiyo mtoto wa mbwa tunayemfunga nyuma ya nyumba katika wiki hizo hizo, ili awe mkali, tunamtengeneza awe mwoga. Na mbwa mwoga huuma asiyestahili: mtoto aliyefuata mpira, au fundi bomba uliyemwita mwenyewe.

Shaba aliponea hapo kwa sababu wanangu hawakumsikiliza fundi. Walikuwa wanamfungua kila watokapo shule. Asante kwao anapenda watu. Kupita kiasi, lakini hilo nitalifikia.

Nianze na mashimo. Tulihamia Goba na mpapai mmoja, na chini yake Shaba amechimba shimo ambamo mbuzi angeweza kulala. Mwanzoni nilidhani ni utundu. Nililifukia, akalichimba, nikaweka mawe, akahamia upande wa pili. Mwezi wa Februari, kwenye joto lile la kaskazi, nikaenda kuchungulia bandani kwake saa saba mchana. Mabati juu, mabati ubavuni, na jua linapiga moja kwa moja. Mkono wangu ulishindwa kukaa juu ya bati. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hutoka kidogo kwenye nyayo, na kinachompoza hasa ni kuhema ulimi nje. Aliyewekwa ndani ya tanuri afanye nini zaidi ya kuchimba mpaka afike kwenye mchanga wenye ubaridi? Tulilihamisha banda chini ya mwembe, tukatoa bati la ubavuni na kuweka mbao zenye nafasi, na sakafu tukaiinua juu ya matofali ili masika yakija asilale kwenye tope. Shimo la mpapai nimemwachia. Nimeacha kulifukia, naye ameacha kuchimba mengine.

Kutafuna nako kulikuwa na maelezo yake. Mbwa huota meno ya utoto 28, kisha kati ya miezi minne na saba yanang'oka na kupisha 42 ya ukubwani. Fizi zinamuwasha kipindi chote hicho. Katika miezi hiyo Shaba alikula kandambili tatu, mpini wa jembe, bomba la maji la plastiki na kona ya mkeka wa mke wangu, ambayo ndiyo iliyoleta kikao cha familia. Kosa letu lilikuwa kumpa kandambili kuukuu achezee. Sisi tunajua ipi kuukuu na ipi ya kwendea sokoni. Yeye anajua kwamba vitu vyenye harufu ya miguu yetu ni halali yake. Siku hizi ana kipande cha kamba ya katani kilichofungwa mafundo, na mara mojamoja mfupa mbichi wa ng'ombe, mkubwa usioingia wote mdomoni. Mifupa ya kuku iliyopikwa hatumpi kabisa, kwani huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo. Vitunguu navyo hapana, vinaharibu damu yake, kwa hiyo mchuzi uliobaki haumfai kama tunavyodhani.

Chakula chake ni ugali na dagaa. Sioni aibu kusema hivyo. Mbwa wengi wa nchi hii wamekua kwa ugali na dagaa wakafika uzeeni. Ila dagaa wawe wengi wa kuonekana, si harufu tu, na unga uwe mzima. Tuna tabia ya kuwatengea mbwa unga ulioota ukungu kwa kuwa sisi hatuwezi kuula. Sumukuvu inayotuua sisi huharibu ini la mbwa vilevile.

Sasa kurukia watu. Shaba akikuona anaweka miguu ya mbele kifuani pako. Alipokuwa mdogo kama ngumi mbili tulicheka na kumbeba. Tulimfundisha wenyewe, na leo akiwa na kilo kumi na kitu tunamwita mkorofi. Kwa majirani wengi wa hapa jambo hili halichekeshi. Mama wa mayai ni Muislamu. Mate ya mbwa yakigusa vazi lake la kuswalia, ana kazi ya kulitohara mara saba, mojawapo kwa udongo. Yeye hachukii mbwa, na dini yake inaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda. Anachotaka ni nafasi kati yake na mate. Huko Pemba, ambako Raymond na Lorna Coppinger waliwatazama mbwa wa vijijini na kuwaandika katika kitabu chao cha mwaka 2001, mbwa na watu wameishi kwa mtindo huo: mbwa anakula jalalani pembezoni mwa kijiji, hakuna anayempapasa, naye hamrukii mtu. Wa kwangu nimemfuga ndani ya ua, nikamzoesha mikono, kwa hiyo adabu ya kuheshimu nafasi ya mtu ni mimi wa kumfundisha.

Dawa yake ilituchukua wiki tatu. Akiruka, unamgeuzia mgongo, humsemeshi, humsukumi, maana kusukumwa kwake ni mchezo. Miguu yote minne ikigusa chini, hapohapo unamsalimia. Ugumu hauko kwa mbwa. Uko kwa mjomba anayekuja Jumapili, anayependa kurukiwa, na kwa siku moja anabomoa kazi ya wiki nzima.

Kubweka usiku sijakumaliza. Nimepunguza. Mbwa aliyefungwa kutwa nzima hulala mchana, na giza likiingia ana nguvu zote za siku mkononi. Kila bodaboda, kila paka, kila mlango wa choo cha jirani ni habari ya kutangaza. Sasa kijana wangu mkubwa anatoka naye saa kumi na mbili asubuhi kwa kamba, nusu saa kufuata barabara ya vumbi, na jioni tena. Mnyororo wa kufungia palepale tumeuondoa. Wageni wakija tunamfunga kwenye waya uliovutwa kati ya nguzo mbili, pete inateleza juu yake, akitembea anatembea. Usiku akibweka natoka, natazama anachobwekea, kisha namwambia "basi". Akinyamaza anapata dagaa mmoja. Mke wangu anasema mimi ndiye niliyefundishwa kutoka nje usiku. Huenda ana haki.

Afya yake karibu niiuze kwa kujiona mjuzi. Alipofika miezi mitano alijaa kupe, masikioni na katikati ya vidole. Nikaazima bomba na dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikapima kwa jicho, nikamwogesha. Siku ya pili alikuwa analegea na kudondosha mate. Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki, akamfunua mdomo, akaniita. "Tazama ufizi, mzee, mweupe kama karatasi." Kulikuwa na mambo mawili kwa mpigo: sumu ya dawa niliyozidisha, ambayo mbwa huilamba kwenye manyoya, na vijidudu vya damu vilivyoletwa na kupe kabla sijagutuka. Alitundikiwa dripu, akadungwa sindano siku kadhaa, akapona. Nililipa zaidi ya kuku watatu. Nilichojifunza ni kwamba kupe wa mbwa hawaishi juu ya mbwa tu. Wengi wako kwenye nyufa za banda na ukuta wakisubiri, na usipotibu nyufa umetibu nusu. Na dawa ni ile iliyopimwa kwa uzito wa mbwa.

Minyoo anapewa dawa kila baada ya miezi mitatu. Alipokuwa mdogo ilikuwa mara nyingi zaidi, kwani watoto wa mbwa huzaliwa nayo tayari kutoka kwa mama, na mayai yake huweza kuishia kwenye mikono ya watoto wetu. Chanjo za pavo na distempa zilianza baada ya wiki ya sita na kurudiwa mpaka mwezi wa nne. Kuna watu huona distempa ni mambo ya mbwa wa kizungu. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliua kama theluthi ya simba wa Serengeti, na virusi vyake vilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Chanjo ya kichaa alipata akiwa na miezi mitatu, na kadi yake iko kabatini pamoja na kadi za kliniki za watoto. Hii ndiyo sehemu nisiyotaka utani. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishatokea kwa binadamu hakuna hospitali ya kukimbilia. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, kisha nenda ukaanze sindano siku hiyohiyo.

Tumebaki na kuku. Wazee wa mtaa walinishauri nimfungie yule aliyekufa shingoni mpaka aoze. Nilikataa, si kwa huruma peke yake: mbwa mwenye kuku shingoni anajifunza kwamba kuku wananuka. Ninachofanya ni kukaa naye kila jioni kwenye kibaraza, kamba mkononi, wakati kuku wa jirani wanarudi bandani kwao kupitia upenyo wa michongoma. Akiwakazia macho nakaa kimya. Akinigeukia mimi, anapata dagaa. Wiki ya kwanza hakugeuka hata mara moja. Juzi aligeuka mara sita, na mate yalikuwa yanamtiririka, sijui kwa dagaa au kwa kuku. Upenyo nimeuziba kwa wavu, maana imani na tahadhari vinaweza kukaa nyumba moja. Daktari atakuja Jumatatu kumhasi, apunguze kuzurura na kunusa majike wa mtaa wa tatu, ingawa amenionya mapema kwamba kisu hakitamtoa kuku kichwani.

Jana jioni jirani alitukuta tukiwa kwenye zoezi hilo. Alisimama ng'ambo ya michongoma, trei la mayai mkononi, akatazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Jogoo alipita. Shaba alitetemeka mwili mzima, kisha akanigeukia.

"Mwanangu," akasema mama, "wezi wamenivunjia banda juzi usiku. Huyu akizaa, niwekee mmoja."

Nikamwambia ni dume. Na Jumatatu daktari anakuja.

"Basi mwambie aje Jumanne," akasema, akaenda zake.