Miduara inayotenganisha bati na mchanga

Mfanyabiashara wa madini ya bati hahitaji maabara ili ajue kwamba gunia la mchanga si gunia la kasiteriti. Akiliinua tu, anajua. Kasiteriti ina uzito wa karibu mara saba ya maji ya ujazo uleule, na mchanga wa kwatsi haufiki hata mara tatu.

Lakini vikisagwa vikawa unga na kupigwa miale ya eksirei, bati na mchanga hufanya jambo la kushangaza. Kila kimoja huchora miduara kwenye picha, na mduara unaong'aa kuliko yote wa kasiteriti huangukia karibu mahali palepale pa ule wa kwatsi. Miduara hiyo hutokana na nafasi iliyopo kati ya tabaka za atomu: nanometa 0.335 kwa kasiteriti, nanometa 0.334 kwa kwatsi. Nanometa moja ni mita iliyogawanywa mara bilioni moja.

Anayetazama mduara mmoja anaweza kukosea. Anayesoma picha nzima hawezi kukosea kirahisi. Kwa wanaonunua na kuuza madini Kivu, Rwanda, Kyerwa mkoani Kagera na kusini magharibi mwa Uganda, inafaa kujua picha hiyo husomwaje, kwa sababu bei ya mzigo inaweza kutegemea msomaji.

Picha yenyewe

Madini mengi ni fuwele, yaani atomu zake zimepangwa kwa safu kama matofali ukutani. Mwaka 1912 Max von Laue wa Ujerumani alionyesha kwamba eksirei ikipita kwenye fuwele hutawanyika kwa mpangilio maalumu. Mwaka uliofuata, William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence, nchini Uingereza, walitoa kanuni ya kukokotoa nafasi kati ya safu hizo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915, mwana akiwa na miaka 25.

Unga una fuwele ndogo nyingi mno zilizoelekea kila upande. Kwa hiyo kigunduzi kilichowekwa nyuma ya unga hunasa miduara, mmoja ndani ya mwingine, mithili ya mawimbi jiwe linapotumbukia majini. Kila madini yana miduara yake.

Zamani picha hiyo ilinaswa kwenye filamu na kupimwa kwa rula. Leo hufunguliwa kwenye kompyuta. Mojawapo ya programu zinazotumika ni Dioptas, iliyoandikwa na Clemens Prescher na Vitali Prakapenka na kutangazwa mwaka 2015. Ni ya bure. Anayeitumia habonyezi amri ngumu za maandishi. Huiona picha kwenye skrini na kuigusa kwa kipanya.

Mizani kwanza

Kazi haianzi na mzigo. Inaanza na unga wa kupimia ambao miduara yake inajulikana kwa uhakika, kama lanthani heksaboridi au oksidi ya seriamu. Mtaalamu hubofya mduara wa kwanza wa unga huo, kisha wa pili, na programu hukokotoa kigunduzi kiko umbali gani, katikati ya miduara ni wapi, na kama kigunduzi kimeinama.

Ni sawa na kuweka mizani kwenye sifuri kabla ya kupima mahindi. Tuseme kigunduzi kiko umbali wa sentimita 20, lakini kimeandikwa sentimita 20.2. Kosa hilo dogo huihamisha nafasi ya nanometa 0.335 kwa takriban nanometa 0.003. Hiyo ni zaidi ya tofauti yote iliyopo kati ya mduara mkuu wa bati na ule wa mchanga.

Programu ina njia rahisi ya kufichua kosa. Hukunjua miduara ikawa mistari, katika mchoro ambao wataalamu huuita keki. Mizani ikiwa sawa, mistari hunyooka. Ikipindapinda kama nyoka, kipimo bado si cha kuaminika, hata cheti kikiwa na mihuri mingapi.

Hatua inayofuata ni kufunika sehemu mbovu za picha: kivuli cha kizuizi cha miale, vitone vilivyokufa vya kigunduzi, au madoa yanayotokana na punje kubwa ambazo hazikusagwa vizuri. Hapa uaminifu unahitajika, maana anayefunika kasoro anaweza pia kufunika kitu ambacho mnunuzi alipaswa kukiona.

Kisha programu huigeuza miduara kuwa grafu yenye vilele. Juu ya grafu hiyo mtaalamu huweka alama za madini anayoyatarajia. Kasiteriti lazima ioneshe pia vilele vya nanometa 0.264 na 0.176. Kwatsi hujitambulisha kwa 0.426 na 0.182. Kilele kikibaki bila mwenyewe, ndani ya gunia kuna kitu kingine.

Kipimo cha mkononi chenye umbo la bastola, ambacho wanunuzi wengi wa madini wanakifahamu, hujibu swali tofauti. Husema kuna bati kiasi gani. Hakisemi bati hilo liko katika madini gani.

Dawa ileile, fuwele tofauti

Kwenye madini, mkono na jicho husaidia. Kwenye dawa havisaidii kitu. Mebendazole, dawa ya minyoo inayojulikana sana, ina fuwele za aina tatu: A, B na C. Kemikali ni ileile, mpangilio tu ndio tofauti. Aina C ndiyo inayotakiwa kwa tiba, na aina A imeonekana kuwa dhaifu mno dhidi ya minyoo.

Kipimo kinachohesabu kiasi cha kemikali pekee kitasema dawa imo na inatosha. Ni picha ya eksirei itakayoonyesha ni aina gani. Muuza dawa anayevusha maboksi mpakani anaweza kuwa mwaminifu, na mtoto aliyenunuliwa kidonge asipone.

Picha inavuka mpaka

Mashine kubwa kabisa za kazi hii, sinkrotroni, Afrika haina hata moja. Ila kuna mfano wa majirani: kituo cha SESAME, kilichozinduliwa nchini Yordani mwaka 2017, kinamilikiwa kwa pamoja na nchi zikiwemo Misri, Iran, Israel, Palestina na Pakistan. Nchi zisizopatana zimekubali kutumia taa moja.

Vipimo vingi vya biashara havihitaji mashine kubwa kiasi hicho, na programu za kusoma picha hazilipiwi. Mzozo wa kipimo ukizuka mpakani, si lazima gunia lirudi lilikotoka. Faili la picha hutumwa kwa simu, na maabara ya upande wa pili huisoma upya.

Hilo linawezekana endapo mwenye mzigo aliiomba picha. Anapopokea majibu, inafaa aulize maswali matatu: Mizani iliwekwa sawa kwa unga gani? Kipi kilifunikwa kwenye picha, na kwa nini? Je, kuna kilele ambacho hakikupata mwenyewe?

Maabara iliyofanya kazi yake haitasita kujibu. Na picha asilia, pamoja na ile ya unga wa kupimia, zikae kwenye faili moja na hati za forodha.