Serikali ya vyama 4 iliyoporomoka baada ya miezi 6

Mwaka 2020 vijana wa Bulgaria walijaa barabarani miezi kadhaa, wakitaka Waziri Mkuu Boyko Borissov aende nyumbani. Ufisadi ulikuwa umewachosha. Borissov aliondoka baada ya uchaguzi wa 2021, lakini kupata mrithi haikuwa mchezo: mwaka huo pekee walichagua bunge mara 3.

Desemba, Kiril Petkov, 41, aliyesomea Harvard, akaunda serikali ya vyama 4. Ngoma ilikuwa hapo: wasoshalisti, wanamageuzi na chama cha msanii wa TV, Slavi Trifonov, wote chini ya paa moja. Kilichowaunganisha zaidi ni kutomtaka Borissov.

Juni 2022 Trifonov akajiondoa, akilalamikia bajeti na suala la Macedonia Kaskazini. Juni 22, wabunge 123 dhidi ya 116 wakaiangusha serikali.

Chaguzi zikarudi: 2022, 2023, na mara 2 mwaka 2024. Kufikia Juni 2024, ni takriban mpiga kura 1 kati ya 3 aliyejitokeza. Wengine walikaa zao nyumbani, na Borissov akaibuka wa kwanza.