Juma Moja Katika Darasa la Watoto Wadogo wa Geita

Watu wengi wapitao karibu na darasa la awali na kusikia kelele zake huuliza, "Je, hawa wanasoma au wanacheza?" Mama mmoja aliniuliza neno hilo hilo, akiwa amesimama mlangoni pa darasa na mtoto mchanga mgongoni, baada ya kumleta binti yake. Sikuwa na jibu jema. Basi nikamwomba mwalimu ruhusa, nikaketi nyuma ya darasa lake tangu Jumatatu hata Ijumaa. Shule hiyo iko katika mkoa wa Geita, mahali ambapo mashine za kusaga mawe ya dhahabu husikika hata usiku.

Siku ya Jumatatu mwalimu aliwasalimu watoto, "Mwangaluka!" Wote wakaitika kwa furaha. Kisha akawaamkia kwa Kiswahili, na sauti zikapungua nusu. Maana nyumbani wengi wao husema Kisukuma, wengine Kizinza au Kisumbwa, na Kiswahili cha shule ni mgeni kwao. Nimepata kuona walimu waliomkemea mtoto kwa ajili ya neno la kwao. Mtoto huyo hunyamaza, na mwalimu humdhania mjinga. Huyu hakufanya hivyo. Aliinua kokoto mbili akasema, "Ibili," kisha akasema, "Mbili." Akaongeza moja: "Idatu. Tatu." Alipofika "itano" na "tano," watoto walikuwa wakicheka, kwa kuwa wamekwisha kutambua ya kuwa maneno hayo ni ndugu.

Kila somo lilikuwa la dakika 20 tu, kwa sababu mtoto wa miaka mitano hawezi kukaa kimya zaidi ya hapo. Mtaala wa elimu ya awali uliotolewa mwaka 2016 ulitaja umahiri wa namna sita, nao ni kuhusiana na wengine, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, sanaa, na mwanzo wa hesabu. Katika darasa hili sikuona hata mmoja ukiandikwa ubaoni. Yote yalikuwa ndani ya michezo.

Jumanne kila mtoto aliagizwa kutengeneza kifuko cha kitambaa chenye kokoto kumi, na vifuko vyote vikatungikwa ukutani kwa misumari. Hapa ndipo nilipojifunza jambo. Watoto wengi waliweza kuimba namba hata ishirini bila kukosa. Lakini walipopewa kokoto saba wazihesabu, mmoja alipata tisa na mwingine alipata tano. Kinywa kilikwenda mbio na kidole kikabaki nyuma. Mwalimu aliwafundisha kusogeza kokoto moja kwa kila namba, wala wasitaje namba nyingine mpaka kokoto imekaa mahali pake. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Kisha wakatoka nje, wakachimba vishimo mchangani wakacheza kwa mfano wa isolo, kete moja shimo moja.

Wako wanaodhani ya kuwa kufundisha kwa mchezo ni jambo la juzi. Sivyo. Friedrich Fröbel alifungua shule ya namna hii mwaka 1837 mjini Bad Blankenburg, Ujerumani, akawapa watoto mipira na vipande vya mbao vya kujengea. Wala babu zetu hawakumngoja Fröbel ili wacheze isolo.

Jumatano ilikuwa siku ya udongo. Walifinyanga ng'ombe, vyungu, na motokaa moja iliyokosa magurudumu, na kwa kufinyanga vidole vyao vikapata nguvu ya kushika kalamu. Walinawa mikono, wakasikiliza hadithi. Nalihesabu vichwa 83, na mwalimu ni mmoja. Yafaa wasizidi 25. Nalishangaa jinsi sauti yake ilivyodumu mpaka mchana.

Alhamisi mwalimu alifungua duka. Juu ya mkeka aliweka michembe, vizibo vya chupa na mahindi, na kila mtoto akanunua kwa kokoto za kifuko chake. Ndipo nilipomwona yule binti wa mama wa mlangoni. Jumanne na Jumatano hakuwapo. Hakuwa na kifuko, wala hakujua kusogeza kokoto; alisimama kando ya mkeka akitazama wenzake. Mwalimu akamketisha pamoja na mvulana mmoja, akawaambia watumie kifuko kimoja. Mvulana akamhesabia kwa Kisukuma, polepole, na kabla ya kengele kulia binti alikuwa amenunua michembe minne.

Nikamwuliza alikuwa wapi. Alikuwa kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu, akimtunza mdogo wake mama alipokuwa kazini.

Enyi wazazi, jambo hili halikomei kwenye siku mbili za masomo. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake huingia mwilini kwa pumzi na kuudhuru ubongo, zaidi sana ubongo wa mtoto ambao ungali unakua. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa baada ya kutembelea machimbo 11 katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, likaeleza habari za watoto, wengine wa miaka minane tu, waliofanya kazi mashimoni na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Mwaka huo huo mataifa yalikubaliana Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki. Tena serikali ilifuta ada tangu Januari 2016, hata katika madarasa ya awali. Lakini ada ikifutwa, swali la nani amtunze mtoto mchanga linabaki pale pale.

Ijumaa mama yule alikuja kumchukua binti yake. Mwalimu hakumkaripia. Alimwambia binti amhesabie mama michembe, naye akahesabu hata sita, kwanza kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili, akisogeza mmoja mmoja.

Mama akasema, "Nimeona, mwalimu. Lakini huyu wa mgongoni nimwachie nani?"

Mwalimu alimweleza habari za akina mama watatu wa kitongoji chake wanaosaidiana kwa zamu. Mmoja hukaa nyumbani na watoto wachanga wa wote, mbali na mwalo, na wenzake humpa sehemu ya mapato ya siku. Mama alinyamaza kidogo, akauliza nyumba yao iko upande gani.

Jumatatu nilipita kuaga. Vifuko vilikuwa vimekwisha kushushwa, na mle ndani binti alikuwa akishona chake.