Dhahabu Si Ghali, Ghali ni Mkono

Kijitabu kimoja cha dhahabu ya kupamba kina karatasi 25, kila moja sentimita 8 kwa 8, nyepesi kiasi kwamba ukipiga chafya umepata hasara. Dhahabu yote iliyomo haifiki nusu gramu. Hata bei ya wakia ilipovuka dola 4,000 mwezi Oktoba 2025, madini ya kijitabu kizima yalikuwa na thamani ya kama dola 50 hivi, bila ujira wa walioyafua. Kwa hiyo fundi wa kunakshi vioo kwa dhahabu hii hauzi dhahabu. Anauza saa zake.

Tumtazame kazini. Kioo kinasuguliwa mpaka kisibaki na alama ya kidole. Jelatini kidogo inayeyushwa katika maji ya moto, nayo ndiyo gundi. Fundi anapitisha brashi pana ya manyoya ya kindi shavuni mwake ili ishike mafuta kidogo, anainua karatasi kwa ncha ya brashi, na kabla haijagusa kioo kilicholoweshwa kwa gundi hiyo inarukia yenyewe. Ikikauka, anaweka tabaka la pili kuziba nyufa. Kisha anageuza akili: herufi anazichora kwa rangi nyuma ya dhahabu, kinyumenyume, na dhahabu iliyobaki nje ya rangi anaifuta kwa pamba yenye unyevu. Mkono ukitetemeka hapo, kazi ya siku nzima imekwenda.

Uingereza ya enzi za Malkia Victoria ilijaza vioo vya namna hii kwenye baa na maduka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaja mashine za kompyuta za kukata herufi za plastiki za kubandika, na wateja wakahama. Fundi yeyote wa mabango wa Kariakoo aliyenyang'anywa kazi na stika anaijua hadithi hiyo.

Waliobaki walipanda ngazi. Mfano unaojulikana zaidi ni David Adrian Smith wa Torquay, kusini magharibi mwa Uingereza, aliyetengeneza jalada la albamu ya mwanamuziki John Mayer, Born and Raised, ya mwaka 2012. Smith pia anafundisha, na hapo ndipo penye somo la biashara. Kazi moja kubwa ya kioo inaweza kula wiki kadhaa, na mteja akabadili maneno katikati. Kozi ya siku chache hulipiwa kabla, tarehe yake inajulikana, na haivunjiki kiwandani.

Zamani mafundi walificha siri kama mganga anavyoficha mizizi. Mwaka 1975, vijana waandishi wa mabango huko Denver, Marekani, walianzisha kundi la Letterheads ili kufundishana bila kufichana. Wengine wangesema ni kujizalishia washindani. Sikubaliani nao: wanafunzi wengi hawafiki kuwa mafundi, lakini mwanafunzi akishaharibu karatasi kumi za dhahabu kwa mkono wake, hatabishana tena na bei ya mwalimu.

Anayetaka kujaribu asikimbilie dhahabu. Achukue kipande cha kioo cha dirisha, brashi na rangi nyeusi, aandike jina lake kinyumenyume mpaka lisomeke vizuri upande wa pili.