Mkono wa Mfuga Kambale

Katika kijiji cha Msimbati, kusini-mashariki mwa mji wa Mtwara, samaki ni habari ya kila siku. Mbele ya kijiji ni bahari. Upande wa kusini Mto Ruvuma humwaga maji yake kati ya mikoko, kwenye mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Tangu mwaka 2000 eneo hili limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ambako uvuvi na uchukuaji wa viumbe vya baharini huongozwa na sheria. Mahali kama hapa, mtu akianza kufuga samaki uani kwake, jirani anaweza kucheka na kuuliza: nani anafuga kitu ambacho bahari inatoa?

Lakini bahari haimpi kila mtu, wala haitoi kila siku. Ndiyo maana ufugaji mdogo wa samaki wa maji baridi, hasa kambale, umeenea katika nchi za Afrika Mashariki. Huko Uganda kituo cha utafiti cha Kajjansi kimekuwa mwalimu wa wafugaji wengi, na kando ya Ziwa Victoria vifaranga vya kambale huzalishwa hata kuwa chambo cha kuvulia sangara. Kambale hahitaji bwawa kubwa ili azaliane. Tangi la kioo la sebuleni, pipa la plastiki lililokatwa au kisima kidogo cha saruji vyatosha kwa mwanzo. Kinachohitajika zaidi ni mkono wa mfugaji, na mkono huo ndio unaostahili kuangaliwa kwa jicho la afya.

Kazi inavyofanyika

Kiasili kambale husubiri mvua. Mto unapofurika, jike na dume huenda usiku kwenye maji ya kina kifupi yaliyofunika nyasi. Jike hutaga, dume humwaga manii juu ya mayai, kisha wote wawili huondoka. Hawalindi mayai wala vifaranga. Ndani ya tangi hakuna mafuriko, hivyo jike anaweza kubeba mayai yaliyokomaa bila kuyataga. Mfugaji hulazimika kumpa ishara ambayo mto ungempa, nayo ni sindano ya homoni. Wapo wanaotumia tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa kambale mwingine, iliyosagwa na kuchanganywa na maji safi ya chumvi. Wapo wanaotumia homoni za kiwandani. Na wapo wanaotumia homoni iitwayo hCG, ileile inayotengenezwa na kondo la nyuma la mama mjamzito na kutafutwa katika kipimo cha mkojo cha ujauzito.

Maji yakiwa na nyuzijoto 25, jike huwa tayari baada ya saa 11 au 12 hivi. Joto likizidi, muda hupungua. Mfugaji humshika kwa kitambaa chenye unyevu na kulikanda tumbo taratibu kuelekea nyuma, mayai yakamwagika bakulini. Gramu moja huwa na mayai yapatayo 600 au 700. Manii ya dume hayakamuliki kwa urahisi, hivyo kwa kawaida dume huchinjwa na korodani zake hukatwa kwa wembe. Mayai na manii huchanganywa, huongezwa maji safi, kisha hutandazwa juu ya wavu au mizizi ya magugu maji. Katika joto la nyuzi 28 hivi, mayai huanguliwa baada ya takribani siku moja. Kwa siku tatu hivi vifaranga huishi kwa kiini walichozaliwa nacho. Baada ya hapo hutaka chakula cha mara kwa mara, hasa wadudu wadogo mno wa majini. Siku zikisonga, wakubwa huanza kuwala wadogo. Mfugaji hana budi kuwatenganisha kwa ukubwa, kuondoa mabaki, kubadilisha maji na kusugua kuta za tangi.

Msomaji akiipitia kazi hii upya ataona kwamba hakuna hatua ambayo mkono haumo: sindano, wembe, mwiba wa samaki, na maji yanayolowesha ngozi kwa muda mrefu. Ngozi iliyolowa hulainika, na iliyolainika hukwaruzika upesi.

Mwiba na saa za kwanza

Kambale hana magamba, lakini kila pezi lake la kifuani lina mwiba mgumu wenye meno madogo. Anaposhikwa bila uangalifu huutanua, ukaingia kiganjani au katikati ya vidole. Jeraha lake huwa jembamba na refu, na tundu dogo la juu humdanganya mtu aone hakuna kilichotokea.

Watu wa pwani wanao ndugu wa kambale walio hatari zaidi. Miongoni mwao ni ngogo wa baharini mwenye mistari myeupe ubavuni, ambaye wachanga wake huogelea wakiwa wamesongamana kama mpira mweusi juu ya miamba na majani ya bahari. Huvutia macho, na mtoto anaweza kutamani kuwachota awatie katika beseni nyumbani. Asiachwe afanye hivyo. Samaki huyu ana miiba mitatu yenye sumu kali, mmoja mgongoni na miwili kifuani. Udogo wake si salama, na sheria za hifadhi nazo haziruhusu kila mtu kujichukulia anachotaka.

Aliyechomwa aoshe jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Kisha atumbukize mkono katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, kwa kuwa joto huidhoofisha sumu ya ngogo na kupunguza maumivu. Maji yapimwe kwanza kwa mkono usioumia, kwani uliochomwa huenda umekufa ganzi ukaungua bila mwenyewe kujua. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, lisifungwe kwa kamba, wala lisitiwe mafuta ya taa, majivu au ugoro. Kituoni mhudumu atachunguza kama kipande cha mwiba kimebaki, na atauliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Zipo dalili zisizongoja kesho: uvimbe unaopanda kwa saa chache, malengelenge yenye maji meusi au ya damu, homa, maumivu makali kuliko ukubwa wa jeraha, au kidole kisichoweza kukunjwa. Bakteria wa maji ya bahari yenye joto wanaweza kuharibu nyama ya mkono kwa muda mfupi sana, na mwenye ugonjwa wa ini, kisukari au kinga dhaifu yuko katika hatari kubwa zaidi. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kinundu kisicho na haraka

Jeraha linalovimba leo hujitangaza lenyewe. Kuna jingine lisilo na haraka, nalo ndilo hupotea katikati ya zahanati na duka la dawa.

Chukulia mfano wa mama anayefuga kambale uani. Siku moja anasugua tangi, kidole cha shahada kinakwaruzwa na ukingo wa saruji, na kabla ya magharibi amekwisha kusahau. Baada ya majuma matatu kinatokea kinundu chekundu kisicho na maumivu makubwa. Dukani anapewa vidonge vya siku tano, kinundu hakiondoki. Anapewa vingine, kisha mafuta ya kupaka. Mwezi wa pili kinundu kinapasuka na kuwa kidonda. Mwezi wa tatu vinundu vingine vimejipanga mmoja baada ya mwingine kutoka kiganjani kuelekea kiwiko. Hana homa, hakohoi, hajakonda. Lakini kidole kimekuwa kigumu. Hawezi tena kukuna nazi wala kusuka ukili.

Ugonjwa wa namna hii huweza kusababishwa na bakteria aitwaye kisayansi Mycobacterium marinum, wa ukoo mmoja na bakteria wa kifua kikuu. Alielezwa mwaka 1926 na mtafiti Joseph Aronson, aliyemkuta katika samaki wa matangi ya maonyesho huko Philadelphia, Marekani. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba huweza kumwambukiza mwanadamu, baada ya watu waliotumia bwawa la kuogelea kupata vidonda vya ngozi. Leo anajulikana zaidi kwa wenye matangi ya samaki, hata madaktari wakauita ugonjwa huo kwa jina la matangi hayo.

Bakteria huyu huishi katika maji baridi na ya chumvi, na huingia mwilini kupitia mchubuko. Hukua vizuri zaidi penye joto la nyuzi 30 hivi kuliko penye joto la ndani ya mwili, ndiyo maana hupenda vidole, mikono na viwiko, na kwa kawaida hafiki mapafuni. Dalili huanza mara nyingi baada ya majuma mawili hadi manne, ila pengine miezi hupita. Haambukizwi kutoka mtu hadi mtu: mume na watoto wa mama huyo hawana sababu ya kumtenga sahani wala kitanda.

Swali moja kliniki

Kwa mhudumu wa afya, ugumu hauko katika tiba bali katika kuukumbuka ugonjwa wenyewe. Vinundu vilivyojipanga mkononi vinaweza kuwa kifua kikuu cha ngozi, ukoma, fangasi waliongia kwa mwiba wa mti, au jipu la kawaida. Kinachotenganisha ni historia, na historia hupatikana kwa swali jepesi:

“Mama, mikono yako hufanya kazi gani kila siku?”

“Kazi za nyumbani tu, daktari. Na nina kambale wangu, nawasugulia tangi lao.”

Jibu hilo la pili lina thamani kuliko vidonge vyote alivyokwisha kumeza. Likipatikana, mgonjwa apelekwe panapoweza kukatwa kipande kidogo cha nyama ya kidonda kwa uchunguzi, na maabara iambiwe waziwazi kwamba bakteria wa majini anashukiwa. Sampuli isipooteshwa katika joto la nyuzi 30 hivi, bakteria anaweza asiote kabisa, na mgonjwa akaambiwa hana kitu. Vipimo vya kawaida vya makohozi vya kifua kikuu havikutengenezwa kwa ajili yake. Dawa nazo si zilezile zote: isoniazidi na pirazinamidi hazitegemewi dhidi yake. Mabingwa hutumia dawa kama klarithromaisini, ethambutoli na rifampisini, mara nyingi mbili kwa pamoja, kwa miezi kadhaa, na huendelea hata baada ya kidonda kufunga. Ugonjwa ukiwa umefika kwenye kano au kiungo, upasuaji huweza kuhitajika. Sindano ya kutuliza uvimbe yenye steroidi isidungwe katika kinundu ambacho chanzo chake hakijajulikana.

Kwa mgonjwa, wajibu ni kusema. Wengi huuacha ufugaji nje ya maelezo yao kwa kudhani daktari hatajali habari za samaki, au kwa kuhofia kuambiwa wawamwage. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Kidonda cha mkono kilichopita majuma matatu bila kupona kitajwe pamoja na kazi zote zinazogusa maji na samaki.

Kuulinda mkono

Hakuna sababu ya kuvunja tangi. Mfugaji avae glavu nzito za mpira anaposhika wazazi na kusugua kuta. Mwenye kidonda, hata kidogo, asitie mkono majini mpaka kipone. Jirani amsaidie, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Baada ya kazi, mikono ioshwe kwa sabuni na maji safi yasiyo ya tangi. Vyombo vya samaki visiingie jikoni, wala maji ya tangi yasimwagwe katika sinki la kuoshea vyombo au beseni la kuogeshea mtoto.

Sindano na wembe vikitumika kwa samaki visitumike tena kwa binadamu, na vitupwe katika chombo kigumu kisichotobolewa. Mama mjamzito asipewe kazi ya kudunga homoni. Magugu ya kutagia mayai yakitolewa dimbwini yakaguliwe, kwa kuwa konokono wanaojificha humo wanaweza kuwa wabebaji wa kichocho, ambacho vimelea vyake hupenya ngozi ya mtu akiwa majini.

Na samaki wakiugua, vidonge vilivyobaki nyumbani visitiwe majini. Antibiotiki iliyomwagwa kwa kukisia huua bakteria dhaifu na kuwaacha wakaidi, katika maji yaleyale ambamo mkono utaingia kesho asubuhi. Maji mengi yaliyochafuka hurekebishwa kwa kupunguza chakula, kuondoa mabaki na kubadilisha sehemu ya maji.

Mvua za kusini zitakaponyesha, kambale wa Ruvuma watapanda kwenye nyasi zilizofurika, na aliye uani Msimbati atasubiri sindano yake. Mfugaji atakunja mikono ya nguo na kuinama juu ya tangi. Kabla hajaitumbukiza, aitazame kwanza mikono yake. Akiona kinundu asichokikumbuka, siku hiyo samaki wasubiri, na safari iwe ya zahanati.